Kamba Ikibaki Juu: Pedali ya Mama Veronika

Juu ya meza yangu ya zamani, kando ya taa ya majaribio, kuna kipande cha kitambaa cha buluu kilichopigiliwa ubaoni kwa misumari miwili. Kina mstari mmoja wa uzi mweupe. Mstari huo umenyooka mwanzoni, unapinda katikati kama njia ya mtu aliyekwepa dimbwi, kisha unanyooka tena. Pembeni pana doa la hudhurungi. Wengi wenu mmeniuliza habari zake, nami nimewajibu miaka yote kwamba ni kitambaa cha kupimia pedali na kwamba doa ni la mafuta ya cherehani. Sasa nimestaafu, kwa kuwa macho yangu hayatofautishi tena pete nyekundu na pete ya kahawia juu ya rezistansi, kile kipande kidogo cha kubana umeme, na fundi asiyejua rangi hizo ni hatari kuliko asiyejua kusoma. Ninyi mnaobaki mezani mnastahili jibu refu zaidi.

Sitaandika habari za vyeo. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye ufunguo wa mlango, na wanaomsubiri.

Mwenye ufunguo alikuwa Papa Anselme. Alianza kazi ujanani kwenye migodi ya dhahabu, akifunga upya nyaya za mota za pampu, na aliishika bisibisi kama watu wengine wanavyoshika kalamu. Nilimfikia nikiwa na diploma ya elektroniki, viatu vya ngozi visivyofaa kwa vumbi la Bunia, na imani kwamba kifaa kilichoharibika hungoja kuhesabiwa kwa kanuni. Ilikuwa miaka ile ambayo bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini lakini bado zilikohoa vijijini. Magari meupe ya askari wa kofia za buluu yalipita barabarani. Familia zilirudi moja moja, zikafungua milango na kuangalia kilichosalia. Kilichosalia kililetwa kwetu: mikseri za kusagia matunda, feni, drili, cherehani. Vingine vilikuwa vimezikwa ardhini, vingine vimebebwa msituni na kurudishwa. Mikseri ya kwanza niliyoifungua ilikuwa na udongo mwekundu ndani ya mota, na katika udongo huo mbegu ya haragwe ilikuwa imeanza kuota. Diploma yangu haikuwa na somo la haragwe.

Siku hiyo ya kwanza sikupewa chuma cha kulehemu. Papa Anselme aliweka mbele yangu kopo la maziwa ya unga lililojaa vipande vyeusi vyenye miguu mitatu mitatu.

"Injenieri," alisema, bila dhihaka wala heshima, "keti hapa. Hii ni makaburi. Pima zote, kisha uniambie namna zilikufa."

Mwenzetu Dido, fundi wa meza ya pili, hakuweza kuvumilia. "Papa, unamupatia maiti siku ya kwanza? Atakimbia."

"Akikimbia, tutabaki na kiti."

Vipande vile vilikuwa triaki, na nilizipima hadi adhuhuri. Kipimo kililia karibu kwa kila moja, maana yake umeme ulipita ndani yake bila kizuizi. Nikamwambia Papa Anselme: hazikukatika, zinapitisha tu.

"Uliisha kupita kwa barieri?" akaniuliza.

"Nani hajapita, Papa?"

Ndipo nilipopata somo ambalo vitabu vyangu vililizunguka kwa kurasa nyingi. Umeme wa nyumbani, alisema, ni magari yanayokwenda na kurudi. Mara mia kwa kila sekunde barabara hubaki tupu kwa kitambo kisichoonekana. Triaki ni kamba ya barieri, kizuizi cha askari barabarani. Ukiugusa kidogo mguu wake wa tatu, kamba inainuka na magari yanapita. Itabaki juu hadi barabara iwe tupu, kisha itaanguka yenyewe na kungoja kuguswa tena. Kwa hiyo ukitaka mota iende polepole, huipunguzii barabara upana. Unamwambia askari achelewe kuinua kamba. Akiinua mapema, magari mengi hupita na mota hukimbia. Akichelewa, hupita machache na mota hutambaa. Anayempimia askari muda ni kondansateri ndogo inayojaa kama ndoo chini ya bomba. Mguu wa mshonaji ukikandamiza pedali, bomba linafunguka zaidi, ndoo inajaa haraka, na kamba inainuliwa mapema.

Pedali za zamani hazikuwa na akili hiyo. Zilipunguza mwendo kwa kuula umeme na kuugeuza kuwa joto, na asubuhi za baridi baadhi ya washonaji walizipenda kwa sababu hiyo hiyo.

"Sasa niambie," alisema Papa Anselme, akitikisa kopo. "Hii barieri ikikufa, inakufa kamba ikiwa chini ao juu?"

"Juu, Papa."

"Basi. Usisahau."

Nilisahau. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza, lakini kwanza niseme juu ya taa.

Mnaijua taa ya majaribio: ampuli, yaani balbu, ya wati mia iliyofungwa ili umeme wote wa kifaa upite kwanza ndani yake. Kifaa chenye hitilafu kikiunganishwa, ampuli inawaka kwa ukali na hakuna kinachoungua. Miaka ile kila triaki ilisafiri kutoka mbali, ikipita mipaka na mikono mingi, na kuiunguza kwa uzembe lilikuwa jambo la aibu. Hivyo tuliiheshimu taa ile kupita kiasi. Kifaa kikipita kwenye taa, tulisema kimepona. Hata Dido, ambaye siku moja alifunga kidhibiti cha mikseri kwenye feni ya dari na kuifanya ingurume kama ng'ombe mwenye gesi, alijitetea kwa kusema kwamba kwenye taa haikunguruma. Alikuwa sahihi. Mota ya feni haina vipande vya makaa vya kusuguana ndani kama ya mikseri. Haipendi kukatiwa umeme vipande vipande. Ila mbele ya taa ilinyamaza, na sisi tukacheka badala ya kujiuliza kwa nini.

Mama Veronika alikuja katika mwaka wangu wa pili. Alikuwa mshonaji kutoka Nizi, ambako aliwashonea wachimbaji suruali zenye mifuko ya siri ndani ya mifuko ya kawaida. Alipokimbia, aliacha nyumba, kitanda na meza ya chuma ya cherehani, akabeba kichwa cha cherehani tu mgongoni, kimefungwa kwa kitenge kama mtoto. Watu walimpa pole njiani wakidhani mtoto amelala. Hapa Bunia, katika nyumba ya kupanga huko Shari, alikifunga kichwa hicho juu ya meza ya mbao na kukitia mota ndogo yenye pedali ya triaki. Bila meza ya kukanyaga kwa miguu miwili, hakuwa na njia nyingine ya kushona. Na bila kushona, hakuwa na njia nyingine ya kuishi.

"Inakufa-kufa," alisema, akiweka pedali mbele yangu. "Nakanyaga, inakataa; nakanyaga tena, inastuka. Masomo itaanza kisha juma mbili, na niko na uniforme ya watoto makumi tatu mu nyumba. Mama zao bananiamini, Madame."

Niliifungua. Triaki ilikuwa imechoka, nami nilikuwa na mpya. Lakini kando yake, kondansateri moja ilikuwa imepasuka. Ilikuwa nusu ya ile jozi ambayo Papa Anselme aliiita mume na muke: rezistansi ndogo na kondansateri zinazolala pamoja kuvuka triaki, daima pamoja. Kondansateri ya aina hiyo sikuwa nayo. Nikaing'oa iliyopasuka, nikaing'oa na mwenzake kwa kuwa peke yake haina kazi, nikafunga triaki mpya na kuijaribu kwenye taa. Mota ilizunguka taratibu, ikaongeza, ikapunguza, ikasimama. Nilijipongeza kimoyomoyo. Nilimwambia Mama Veronika kwamba imepona.

Siku ya tatu, mchana, Mama Veronika alikuwa akiweka kola ya shati chini ya sindano. Gurupu ya jirani, jenereta iliyolisha umeme nyumba nne na saluni moja, ilikuwa inanguruma nje. Mguu wake haukuwa juu ya pedali. Cherehani iliondoka yenyewe, kwa mwendo wake wote. Sindano ilipita katika kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto, ikarudi, ikapita tena. Sauti ya cherehani tupu inayokimbia hivyo, katika mji uliokuwa bado unasikiliza, ilikuwa sauti ambayo watu waliijua vibaya. Majirani walijitupa chini. Mmoja alivuta watoto chini ya kitanda. Hakuna aliyeenda kumsaidia mpaka gurupu ilipozimwa, kwa sababu kila mtu alidhani ni bunduki.

Kesho yake alikuja na pedali ndani ya kikapu na kidole kimefungwa bandeji nene. Hakupaza sauti. Aliiweka juu ya meza na kurudi nyuma hatua mbili, kama mtu anayeweka chini nyoka ambaye hana hakika kama amekufa.

"Itakuwa gurupu," alisema Dido haraka, kwa kunihurumia. "Gurupu za Shari ziko na umeme muchafu, Mama."

Ningeweza kulishika neno hilo. Lilikuwa na ukweli ndani yake, na mimi nilikuwa mwanamke pekee mezani. Nilijua ni wateja wangapi walikuwa wakingoja siku ya kusema, "tulijua". Nilifungua pedali. Triaki ilipitisha umeme bila kizuizi: kamba juu. Pembeni mwake yalionekana matundu manne matupu.

Papa Anselme aliinama, akavaa miwani. "Hapa kulikuwa nani?"

"Mume na muke, Papa. Nilibatoa. Sikukuwa na ya kurudisha." Kisha nikamgeukia Mama Veronika. "Si gurupu, Mama. Ni miye."

Aliinua kidole kilichofungwa. "Kidole kitapona," alisema. "Lakini miye sitaweka tena mukono chini ya ile kintu. Hata kidogo. Nikae na njaa." Akaketi kwenye benchi la wateja, na ilionekana wazi kwamba hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Basi hili ndilo lililokuwa limetokea, na nawaomba mlisome polepole. Mota ina nyuzi nyingi zilizosokotwa, na nyuzi hizo huuchelewesha mkondo. Kamba inapoanguka kwa kuwa mkondo umekwisha, nguvu ya umeme upande wa pili imekwisha kupanda tayari, na inaipiga kamba ghafla. Mume na muke wapo ili kulilainisha pigo hilo. Wasipokuwapo, kamba huweza kuruka juu bila kuguswa na mtu. Gurupu yenye umeme wa kurukaruka huongeza mapigo mengine, hadi triaki inakufa kama zinavyokufa zote. Na taa? Taa ilikuwa imemeza sehemu kubwa ya umeme, ikalifanya kila pigo kuwa dogo. Kwenye meza yangu mota haikuwahi kufanya kazi kama mota. Taa ilikilinda kifaa, na kwa kukilinda ikanificha ugonjwa wake.

Papa Anselme hakunifokea. Alitoa kidhibiti cha drili yake mwenyewe, ile pekee ya umeme tuliyokuwa nayo, akakifungua na kung'oa ndani yake mume na muke wazima.

"Hawa batahama," alisema. "Weka triaki ingine, ya nguvu zaidi. Kisha utaenda kupima kwake, fasi anaishi. Si hapa."

Kwa miezi mingi baada ya hapo karakana ilitoboa kwa drili ya kuzungusha kwa mkono. Dido alilalamika kila siku, na kila siku alizungusha.

Mchana uleule nilimfuata Mama Veronika hadi Shari nikiwa na mfuko wa vifaa. Sikubeba taa. Nilimwomba jirani awashe gurupu, nikamwomba na mwenye saluni awashe mashine zake zote, ili umeme uwe mchafu kama ulivyokuwa siku ile. Nikakanyaga. Cherehani ilitambaa, ikakimbia, ikasimama. Nilirudia nusu saa nzima. Majirani walijaa mlangoni, kila mmoja akiwa amesimama karibu na kitu cha kujificha nyuma yake.

"Unaona, Mama? Imesimama."

"Naona. Hata siku ile ingine ulisema imepona."

Alivuta kiti chake karibu na meza, akaketi upande wa pedali, akanielekeza upande wa sindano.

"Weye weka mukono," alisema. "Miye nitakanyaga."

Mwanamke mmoja mlangoni akasema, "Ah, Veronika, utamutoboa mutoto ya watu!" Mwingine akamjibu, "Acha. Si yeye ni injenieri?"

Nilichukua kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye mashati ya shule na kukiweka chini ya sindano, vidole vyangu viwili vikiwa pale pale kidole chake kilipokuwa. Akakanyaga. Tundu moja. Tundu la pili. Sindano ilishuka polepole kiasi kwamba niliweza kuona uzi ukilegea na kukaza. Kisha, bila kunionya, akakandamiza pedali yote. Ilikuwa haki yake. Cherehani ilipiga kelele ile ile, mlangoni watu wakarudi nyuma, mikono yangu ikatetemeka na kitambaa kikapinda. Nilifumba macho. Akainua mguu. Cherehani ilisimama.

Alifanya hivyo mara tatu. Baada ya mara ya tatu alikata uzi, akakitazama kitambaa, akanipa.

"Bakia nayo. Sasa toka kwa kiti yangu, niko na kazi."

Mashati yalikwisha siku moja kabla ya masomo kuanza. Niliyaona barabarani asubuhi iliyofuata, meupe na ya buluu, yakipita mbele ya karakana kwa makundi. Sikuwahi kutazama kola za watoto kwa makini namna ile, wala sijawahi tena.

Tangu hapo nimefungua pedali, mikseri na drili nisizoweza kuzihesabu, na desturi yangu ya kazi ilitoka yote katika chumba kile. Taa ni ya kuanzia, si ya kumalizia. Pima kwa umeme ambao mteja anautumia, hata ukiwa mbaya. Hasa ukiwa mbaya. Usiondoe kitu kwa sababu kifaa kinaonekana kutembea bila hicho. Na kabla ya mteja kuweka mkono wake, mwache aweke mguu, na mkono uwe wako. Wengine wenu mmeiona desturi hii kuwa maonyesho. Papa Anselme, Mungu amrehemu, alikuja kuiona mara moja, akasema tu, "Angalau sasa hausahau." Nimepokea diploma moja maishani mwangu, lakini sentensi hiyo ndiyo ningeitundika ukutani.

Siku ya kuagana mlikuwapo wengi, lakini mlikuwa mmekwisha kwenda kwenye soda Mama Veronika alipofika. Sasa ana cherehani tatu na sauti ya mtu anayejulikana na mtaa mzima. Ukucha wa kidole kile uliota umegawanyika mara mbili, naye huutumia kufungulia mafundo ya uzi. Husema nilimwongezea kifaa bila yeye kuomba. Alikuja na termosi ya chai ya maziwa, tukanywa tukiwa tumeketi kwenye benchi la wateja. Aliinua macho kwenye ubao.

"Pale ulitetemeka," alisema.

"Ni mashine ilitikisika."

"Mashine! Ulifunga macho, Charlotte. Nilikuona." Akacheka, akasimama, akagusa pembe ya kitambaa. "Na hii doa? Unaambiaka watu ni nini?"

"Mafuta ya cherehani."

"Mafuta." Aliniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi aliyepima kwa mita iliyozimwa. "Weye ulikuwa unaangalia sindano tu. Haukuona mukono yangu ya kushoto."

Nilimwambia kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya meza.

"Ulikuwa chini ya meza na ralonji. Nilizungusha ile waya ya umeme kwa mukono mara tatu, nikaikaza. Nilisema: hii kintu ikikimbia tena, navuta fishi mu prizi mbele sindano ishuke mara ya pili. Kila mara nilikanyaga, nilivuta kidogo, nione kama niko tayari. Nilikaza mpaka kidonda kikafunguka, damu ikapita bandeji. Kisha nikakupatia kitambaa na mukono ileile."

Siku ile nilikuwa nimeketi pale nikidhani kwamba nalipia kosa langu, na kwamba yeye ndiye anayenilipisha. Kumbe chini ya meza, kwa mkono ambao mimi nilikuwa nimeuumiza, alikuwa akinilinda, tayari kuikatia cherehani umeme.

"Sababu gani haukuniambia, Mama?"

"Ungejua, haungeogopa," alisema. "Na fundi mwenye haogopi, mi namutafutia wapi kidole kingine?"

Nimekiacha kitambaa pale pale ubaoni, kwa kuwa ni mali ya meza na si yangu. Ongezeni basi jambo moja kwenye desturi: mnapopima kwa mikono yenu, fishi iwe mahali ambapo mtu anaweza kuifikia. Na akija mtu akawauliza habari za doa lile, msiseme tena kwamba ni mafuta.